Mita ya LUKU haimwonei haya dalali: majibu ya maswali yenu kuhusu betri za magari na bajaji za umeme

Nataka gari la umeme, Nissan Leaf ya 2013 iliyotumika Japani. Dalali wa hapa Mwanjelwa ananionyesha kwenye dashibodi vijiti vyote 12 vya betri vimewaka. Nimwamini? (Mwalimu, Uyole)

Mwalimu, usitoe hela bado. Vijiti hivyo vinaonyesha uwezo uliobaki kwenye betri, lakini kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vyote 12 vikawaka hata kama betri imechoka. Ukiendesha wiki kadhaa vinaanza kuzima kimoja kimoja, na dalali hapokei tena simu. Kwenye Leaf, kijiti cha kwanza huzima betri ikishapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Vinavyofuata, kila kimoja ni kama asilimia 6. Betri hiyo haina mfumo wa kuipoza, kwa hiyo ya umri huo ikiwa haijabadilishwa na bado ina vijiti vyote, mimi naitilia shaka.

Pima mwenyewe. Gari likiwa na chaji ya asilimia 20, lichomeke kwako hadi 100, vitu vingine vyote ndani ya nyumba vimezimwa. Andika uniti za LUKU kabla na baada. Betri ya kWh 24 (kWh moja ndiyo uniti moja) ingali mpya ingekula uniti 19 au 20 hivi, pamoja na zile zinazopotea kwenye chaja. Ikijaa kwa uniti 12, unauziwa asilimia 60 ya betri, pengine chini ya hapo. Kwa Uyole na mjini kila siku bado inaweza kukutosha, ila bei nayo ishuke. Ukimpata fundi mwenye LeafSpy, programu ya simu inayosoma hali ya betri ya Leaf, na kile kifaa kinachochomekwa chini ya usukani, mwite naye.

Kwetu Juni na Julai umande unaganda. Betri haitakufa? (Makete)

Baridi huipunguzia betri nguvu kwa muda tu. Ikipata joto, nguvu inarudi. Cha kuogopa ni kuichaji ikiwa yenyewe iko chini ya nyuzi 0, maana lithiamu iliyomo hujibandika juu ya elektrodi (tabaka la ndani linalopokea chaji) badala ya kuzama ndani yake, na madhara hayo ni ya kudumu. Chaji jioni mara ufikapo, ingali na joto la safari.

Kinachozeesha betri ni joto. Gari hilo hilo likiishi Kyela litachoka mapema kuliko likiwa kwako, hasa likishinda juani betri imejaa. Watu wa nyanda za juu tumejaliwa hali ya hewa inayozifaa sana betri hizi, na ningependa wauzaji waliseme hilo waziwazi.

Naendesha bajaji ya umeme. Nikichaji, wengine wanasema niishie asilimia 80, wengine nijaze. Nimsikilize nani? (Mafinga)

Soma kwanza kibandiko cha betri, ndugu yangu. Ikiwa ni ya maji ya asidi, ijaze kila usiku. Ikilala tupu inaharibika. LFP na NMC ni aina mbili za betri za lithiamu. Ikiwa imeandikwa LFP, jaza bila hofu, walau mara moja kwa wiki, ili kompyuta yake isome chaji sawasawa. Ikiwa NMC, siku za kawaida ishia 80 na usiiache ishuke chini ya 20. Siku ya safari ndefu ijaze, kisha uondoke mapema.

Ni kweli nikishuka mlima Kitonga gari la umeme linajichaji? (Ilula)

Kweli. Ukiachia pedali ya mwendo, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ila ukiondoka Ilula umejaza 100, umeme huo hauna pa kuingia, na kazi yote inaangukia breki za kawaida. Anayejua harufu ya breki za malori pale Kitonga hahitaji kuelezwa zaidi. Ondoka na 85 hivi. Wakati wa kurudi weka akiba ya kutosha, kwani mlima unakula zaidi ya ulichopata ukishuka.

Umeme ukikatika katikati ya kuchaji, betri inaumia? (Iringa mjini)

Hapana. Chaja inasimama, umeme ukirudi kwa kawaida inaendelea. Mimi ningehofia soketi. Chaji ya usiku kucha ni mzigo mzito kwa waya wa zamani, na ekstensheni nyembamba usiitumie kabisa. Baada ya nusu saa gusa plagi: ikiwa ya moto, chomoa, umwite fundi umeme abadilishe soketi na waya kabla hujachaji tena.