Madigadi ya baiskeli kwa njia za matope za Pugu: tazama nafasi kabla ya urefu

Mkuu, umeuliza madigadi gani yanafaa kwa baiskeli yako ya milimani ya inchi 29 kwa safari za Jumamosi kutoka Gongo la Mboto kwenda Pugu na Kisarawe masika haya, na kama uichukue ile seti ndefu ya mbele na nyuma uliyoiona Kariakoo. Kwa safari hizo nakuomba usiichukue. Mimi niliwahi kufunga ya namna hiyo hiyo.

Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha usiku kucha. Madigadi yangu yalikuwa ya bati, yanafunika gurudumu toka mbele ya foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) mpaka karibu na ardhi, yameshikiliwa na vyuma vyembamba vinavyoshuka hadi kwenye ekseli. Kwenye lami mpaka Pugu nilifurahi sana, maji yote yanateremka chini na viatu vimebaki vikavu. Kisha tukaacha lami. Udongo wa kule unaujua: mwekundu, mchanga na mfinyanzi vimechanganyika, na kuna mahali unakutana na ule mweupe, kaolini ya Pugu. Ukilowa unang'ang'ania tairi kama ugali kwenye mwiko. Hatukwenda hata mita mia mbili, gurudumu la nyuma likaanza kukwaruza, likawa zito, nikadhani breki imeshika. Nikashuka kutazama. Kati ya tairi na bati hapakuwa na pa kupitisha hata njiti ya kiberiti. Udongo, majani na vijiti vimeshindiliwa pamoja kama tofali bichi.

Nikachokoa kwa kijiti, nikapanda, baada ya muda mfupi pamejaa tena. Kwenye mteremko uliofuata likajaa la mbele. Chuma kimoja kikapinda, kikaingia kwenye spoki, gurudumu likagoma hapo hapo. Nilitua kwa bega la kushoto, na kwa wiki tatu nilivalishwa shati.

Ndiyo maana nasema maji na matope ni mambo mawili tofauti. Maji ya barabarani yanataka madigadi marefu yaliyo karibu na tairi. Matope ya kunata yanataka mafupi yaliyo mbali na tairi, ili udongo upite na kuanguka wenyewe. Tazama zile pikipiki za porini wanazotumia mabwana shamba mikoani, Honda XL au Yamaha DT: madigadi ya mbele yamepandishwa juu kabisa, tairi liko chini huko peke yake. Waliozitengeneza walijua zinakwenda wapi.

Kipimo changu ni vidole. Simamisha baiskeli, ingiza vidole kati ya tairi na madigadi. Kikiingia kimoja tu, hayo ni ya mjini. Kwa Pugu nataka viwili vilivyolala pamoja, na vitatu ni bora zaidi. Pima penye meno ya tairi yaliyo marefu, maana hapo ndipo nafasi inapokuwa ndogo kuliko kote. Upana nao usiusahau. Tairi la 2.25 lina upana wa karibu milimita 57, kwa hiyo madigadi yenye upana huo huo yataacha matope yakurukie kutoka pembeni.

Kama fedha inatosha kitu kimoja, anza na mbele. Watu wengi wanaanza na nyuma kwa sababu ya aibu ya suruali chafu, lakini suruali inafuliwa. Gurudumu la mbele linarusha matope mbele na juu, nawe kwa mwendo wako unayaingia kwa uso. Nimewahi kuteremka jicho moja limefumba, na sitaki yamkute mwingine. Halafu kuna afya. Mwaka 2022 kule Lindi ilizuka homa ya mgunda, nayo huenezwa na maji na udongo wenye mkojo wa wanyama, hasa panya. Vimelea vinaingia kwa macho, mdomo na michubuko. Ukirudi nyumbani kwa njia za mabondeni baada ya mafuriko, pale ambapo vyoo vimefurika, maji yanayokurukia usoni si ya kuchezea. Na ile chupa ya maji inayofungwa kwenye fremu chini inapokea matope yote ya gurudumu la mbele. Futa mdomo wake kabla ya kunywa, au beba maji mgongoni kama ninavyofanya sasa.

Madigadi ya mbele yanayofaa ni kile kipande kifupi cha plastiki laini kinachofungwa chini ya daraja la foku, yaani pale miguu miwili ya foku inapoungana juu ya tairi. Kama foku yako ina shokapu, sharti kifungwe kwenye sehemu ya chini inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Ukikifunga juu, shokapu ikibonyea tairi litagonga.

Cha dukani ni kizuri, lakini mimi natumia cha dumu la mafuta ya kula la lita 20, msimu wa tatu huu. Chukua ubavu ulio bapa, kata kipande cha sentimita 35 kwa 22, zungusha pembe zote na usugue kingo kwa msasa, kwa sababu pembe kali inachana goti ukianguka. Matundu toboa kwa msumari uliopashwa moto, siyo kwa kisu: kisu kinaacha ufa unaoendelea kutembea, msumari wa moto unayeyusha na kuacha ukingo mnene kidogo kuzunguka tundu, na hapo ndipo panaposhika. Mimina maji ya moto juu yake, ukikunje taratibu kwa kitambaa kifuate mviringo wa tairi, halafu kishike hivyo hivyo mpaka kipoe. Funga kwa vile vikamba vya plastiki vinavyojikaza vya mafundi umeme, vinne, na chini ya kila kimoja weka kipande cha tyubu kuukuu. Bila hicho mpira, mchanga unaoingia katikati utakula rangi ya foku mpaka chuma kionekane. Mwisho geuza usukani kulia na kushoto uhakikishe hakuna kinachobana waya wa breki.

Nyuma nenda na yale yanayobanwa kwenye bomba la siti, yanayokaa juu mbali na tairi. Yafike nyuma ya ekseli, la sivyo mgongo utapata mstari wa matope mpaka shingoni. Yale madogo ya kuchomekwa chini ya siti yanaokoa makalio tu. Ubaya wa haya marefu ni kwamba kwenye mashimo yanalegea na kuzunguka upande, basi zungushia bomba mpira wa tyubu kabla ya kubana. Kama baiskeli yako ina shokapu ya nyuma pia, toa upepo wote kwenye shokapu, kalia siti mpaka ibonyee mwisho, na uone kama tairi linagusa. Fanya hivyo nyumbani, usisubiri mteremko.

Seti ndefu haina kosa kwa anayekwenda kazini Posta kwa lami. Hapo ifunge, na chini ya madigadi ya mbele ongeza kipande cha mpira kama cha malori, kishuke mpaka kiasi cha kiganja kutoka ardhini. Cheni na viatu vitapona.

Ukirudi Pugu, mwagia maji siku hiyo hiyo. Udongo ule ukilala umekauka ndani ya madigadi, kesho utaubandua na bisibisi.

Kabla ya Jumamosi angalia nyuma ya daraja la foku yako kama kuna matundu madogo yenye nyuzi za kufungia skrubu. Foku nyingi za miaka ya karibuni zinayo, na yakiwepo hutahitaji vikamba. Nitajie na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ile ya 29 na upana wake, nikuchoree kiolezo cha kukatia dumu.