Akitimiza miaka saba, begi lifungwe?

Wiki hii barua ni nyingi na karibu zote zinaanza na "mtoto wangu". Nimechagua nne. Majibu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria ya Mtoto yao, ya mwaka 2011.

Dada wakili, shikamoo. Mahakama ilitupa talaka mwaka juzi na mtoto nikapewa mimi. Mwezi ujao anatimiza miaka saba. Baba yake amenitumia ujumbe nifunge begi, anakuja kumchukua kwa kuwa sheria inampa. Ni kweli? – Mama, Mbagala

Marahaba. Begi lirudishe juu ya kabati.

Hii "miaka saba" imezunguka mitaani hadi imekuwa kama sheria yenyewe. Ilikotoka ni kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambacho humchukulia mtoto wa chini ya miaka saba kuwa yuko vizuri zaidi kwa mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo. Basi. Hakuna panaposema kwamba keki ya saba ikikatwa mtoto anahama. Kinachoisha siku hiyo ni ile hatua moja ambayo mama alikuwa ametangulia. Kuanzia hapo mnasimama sawa, na kinachopimwa ni maslahi ya mtoto. Hakimu atasikiliza matakwa yenu, ataangalia mila zenu, na mtoto naye atasikilizwa kama ana umri wa kutoa maoni yake mwenyewe. Kina baba nao wajue kwamba hata kabla ya saba mlango haujafungwa: baba akithibitisha kuwa mtoto wa miaka minne anateseka kwa mama yake, anaweza kupewa.

Kwa kuwa wewe una amri ya mahakama, anayetaka ibadilishwe aende akaombe mahakamani. Akimbeba kimyakimya getini pa shule, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamgeukia yeye, maana inakataza kumwondoa mtoto kwa mtu anayemlea kihalali.

Hatukuwahi kufunga ndoa. Kila mwezi natuma elfu themanini, lakini mzazi mwenzangu hataki nimwone mtoto. Nikikata hela si atalegea? – Baba, Morogoro

Usikate. Matunzo si kiingilio cha kumwona mtoto, na mwenye kulala njaa hapo hatakuwa mzazi mwenzako. Ukikata utaenda mbele ya hakimu kama mdaiwa wakati ulikuwa mlalamikaji.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto ambaye wazazi wametengana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, mradi masomo yasivurugike. Ukisoma vizuri utaona haki hiyo imeandikwa kwa jina la mtoto. Kwa hiyo mama anayekufungia mlango anamfungia mwanawe.

Anzia ustawi wa jamii. Kesi nyingi za namna hii huishia kwenye benchi la ofisi hiyo, mnaandikishana siku za kumwona na kiasi cha kutoa. Ikishindikana, nenda Mahakama ya Watoto. Cheti cha ndoa hakihitajiki. Afisa ustawi anaweza kuagizwa afike kwenu wote wawili aone mtoto analala wapi, anasoma wapi na nani anabaki naye mkienda kazini. Na tafadhali, ujumbe wa miamala ya simu usiufute. Hela ya mkono kwa mkono ni ngumu sana kuithibitisha.

Anamkataa mtoto, anasema tukapime DNA kwanza. Tunaenda hospitali gani? – Neema ya Mungu, Dodoma

Si jambo la kuingia hospitali na kuomba. Kipimo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mahakama, ustawi wa jamii, polisi au wakili. Lakini DNA siyo ushahidi pekee. Jina lake kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya mtoto alipozaliwa, kujitangaza mbele za watu kuwa ni wake, vyote vinahesabiwa.

Mimi ni bibi. Binti yangu anafanya kazi za ndani Oman, wajukuu wawili nawalea huu mwaka wa sita. Baba yao ameibuka anamtaka mkubwa tu, kwa kuwa ni wa kiume. Nina sauti mimi? – Bibi, Bukoba

Shikamoo bibi. Unayo. Ndugu anayemlea mtoto anaruhusiwa kuomba mahakama impe malezi. Ila nisikufiche: sheria inapendelea mtoto akae na mzazi wake, isipokuwa kama haki zake zinavunjwa mara kwa mara. Hapo baba ana hoja. Wewe unazo mbili. Mahakama hutakiwa kuona faida ya ndugu kukaa pamoja, na huyu anataka kuwagawa. Pia hutazama mwendelezo wa malezi, na miaka sita ni mingi. Kusanya kadi za kliniki, ripoti za shule na risiti za ada. Binti yako naye aeleze kwa maandishi, hata akiwa huko, kwamba wanawe aliwaacha mikononi mwako.

Mjukuu mkubwa huenda akaulizwa anataka nini. Msimfundishe jibu nyumbani. Mahakimu wamesikia watoto wengi, wanaijua sauti ya bibi ikitoka kwenye kinywa cha mjukuu.