Jibu: Kwa nini do hadi mi ni "tatu", na kwa nini A shapu si B flati

Mleta mada, nijibu kwa kirefu maana waliotangulia wamekupa jedwali la nusu toni (hatua ya kitufe hadi kitufe jirani, cheupe au cheusi), na jedwali hilo ndilo linalochanganya watu. Umesema unaimbisha kwaya ya parokia huko Sengerema. Umesoma kwamba do hadi mi ni intavo (umbali kati ya nota mbili) ya tatu, ukaenda kwenye kinanda ukapata toni 2, yaani nusu toni 4, na hiyo tatu hujaiona popote. Pili, mpiga kinanda wako anaita A shapu (A iliyopandishwa nusu toni) nota ambayo kopi (karatasi ya wimbo) imeandika B flati (B iliyoshushwa nusu toni), mkabishana mpaka mazoezi yakaharibika. Mimi nafundisha kwaya hapa Mwanza, upande wa Igoma, na maswali haya naletewa kila tunapopokea waimbaji wapya. Yote mawili yana mzizi mmoja: mnaanza kuhesabu kwenye kinanda, wakati jina la intavo linaanzia kwenye karatasi.

Jina lina vipande viwili: namba na aina. Namba haihusiani kabisa na vitufe. Unahesabu majina ya nota kuanzia ya chini hadi ya juu, na zote mbili za mwisho zinahesabiwa. Do, re, mi: tatu. Re, mi, fa: tatu. So, la, ti: tatu. Kwa herufi ni vilevile, C D E ni tatu, A B C ni tatu.

Mtindo huu wa kuhesabu unaufahamu tangu katekisimu. Bwana alikufa Ijumaa, akafufuka siku ya tatu, Jumapili. Ukifanya kutoa unapata 2, lakini sijaona mtu akisimama kanisani kumsahihisha padre. Ijumaa yenyewe imehesabiwa. Oktava ya Pasaka nayo ni hivyo hivyo, Jumapili hadi Jumapili siku 8, kama do hadi do ya juu ni nota 8. Ndiyo maana hesabu za intavo zinaonekana za ajabu: tatu ukiiwekea tatu juu yake unapata tano, si sita. Do–mi, kisha mi–so, jumla do–so. Ile mi ya katikati imehesabiwa mara mbili.

Sasa aina. Hapa ndipo nusu toni zinaingia, lakini kwaya haihitaji kinanda kuzijua. Katika skeli ya meja (do re mi fa so la ti do) nusu toni ziko mahali pawili tu: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Kwingine kote ni toni nzima. Kwa hiyo jiulize tu, intavo yangu inapita kwenye sehemu ngapi kati ya hizo mbili?

Kwa intavo za mbili na za tatu: isipopita hata sehemu moja, ni meja (pana), ikipita sehemu moja, ni maina (nyembamba). Do–mi, fa–la na so–ti hazipiti popote, hizo ni tatu meja. Re–fa, mi–so, la–do na ti–re zinapita, hizo ni tatu maina. Hizo ndizo tatu zote 7 za skeli, umezimaliza bila kugusa kitufe. Kwa sita na saba: ikipita sehemu moja ni meja, ikipita zote mbili ni maina. Do–la ni sita meja, mi–do ya juu ni sita maina.

Nne na tano zina tabia yake. Ikipita sehemu moja ni kamili, na karibu zote ni kamili. Ziko mbili tu zinazoasi. Fa–ti haipiti popote, inakuwa pana kupita kiasi, nne iliyoongezwa. Ti–fa inapita pote pawili, inabana, tano iliyopunguzwa. Ukizipima kwenye kinanda zote mbili ni nusu toni 6. Kama waimbaji wako wa sauti ya tatu wanayumba mahali fulani kila Jumapili, kabla ya kuwalaumu fungua kopi uangalie kama hapo hakuna ruko la fa kwenda ti. Mara nyingi lipo.

Kuna aliyeuliza kwenye uzi huu kwa nini nne na tano zisiitwe tu meja na maina kama wenzake. Chukua do–mi, ipandishe do oktava moja ili iwe juu: unapata mi–do. Tatu imekuwa sita, na meja imekuwa maina. Fanya hivyo kwa do–so: unapata so–do, tano imekuwa nne, lakini kamili imebaki kamili. Namba siku zote zitajumlika 9, kwa sababu ile ile ya nota moja kuhesabiwa mara mbili. Mwenye gitaa anaweza kuona sababu ya ndani zaidi: freti (kipande cha chuma shingoni) ya 12 iko nusu ya uzi wa gitaa, hiyo ndiyo oktava. Freti ya 7 iko karibu kabisa na theluthi moja ya uzi, hiyo ndiyo tano. Uwiano wa 2 kwa 1 na wa 3 kwa 2, mepesi kuliko yote, na sikio huyakubali haraka. Kwa hiyo kamili ikipunguzwa nusu toni haipiti kwenye maina, inakwenda moja kwa moja kuwa iliyopunguzwa. Meja ndiyo hushukia maina kwanza.

Tuje kwenye ugomvi wenu. Chukulia do ni C. Ti ikishushwa, kwa tonik solfa (uandishi wa do-re-mi) ya John Curwen (aliyeendeleza kazi ya Sarah Glover wa Norwich, Uingereza), inaandikwa "ta". Hiyo ni B flati. La ikipandishwa inaandikwa "le", na hiyo ni A shapu. Kidole kinakwenda kitufe kimoja. Lakini hesabu majina: C hadi B ni 7, hivyo C hadi B flati ni saba maina. C hadi A ni 6, hivyo C hadi A shapu ni sita iliyoongezwa. Nusu toni 10 kote kuwili, majina mawili, na mwimbaji huzichukulia tofauti. Ta inataka kushuka kwenda la. Le inataka kupanda kwenda ti. Kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya C yenye B flati ndani yake inakupeleka F, na hiyo ndiyo inayotokea kwenye nyimbo zetu tisa kati ya kumi pale unapoona ta. Kwa hiyo kopi yako iko sahihi, na kijana wa kinanda kidole chake hakina kosa, jina tu. Usimvunje moyo.

Ila nina neno na wapiga kinanda wetu wa kanda hii. Wengi wanapiga kila wimbo kwa C halafu wanabonyeza transipozi (kitufe kinachohamisha sauti zote juu au chini). Misa inakwenda, sibishi, lakini mtu wa namna hiyo akipewa kopi ya A flati hawezi kutaja hata tatu moja, kwa sababu herufi anazozijua ni zile za C tu. Mwambie apige wimbo mmoja kwa mwezi bila kitufe hicho.

Na kwa waimbaji, usiogope umeme ukikatika katikati ya mazoezi. Hapo ndipo tatu meja inapoimbwa vizuri. Kinanda kimegawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali wa sauti), hivyo tatu meja yake ni senti 400. Tatu safi ya sikio, uwiano wa 5 kwa 4, ni kama senti 386. Waimbaji wanaosikilizana huiteremsha wenyewe kidogo na kodi inatulia. Tano haina shida hiyo, 700 dhidi ya 702, hakuna atakayesikia.

Zile zinazozidi oktava, kama besi akiwa do na soprano akiwa mi ya oktava inayofuata, unaweza kuziita kwa namba yake kamili. Hiyo ni kumi: 8 jumlisha 3 toa 1. Kwenye kuchambua kodi wengi huishusha tu na kuiita tatu, na mimi pia nafanya hivyo.

Kama kopi yenu ina alama nyingi za ajali (shapu na flati zinazotokea katikati ya wimbo) na bado mnabishana, piga picha ya mstari huo uiweke hapa, pamoja na alama za mwanzoni mwa mstari. Bila hizo hatuwezi kujua do iko wapi.