Ukiulizwa kuhusu kuimba kwenye mtihani wa IELTS, zungumzia nyimbo zako mwenyewe

Kwenye sehemu ya kuzungumza ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kuna mada ambazo watu hawajiandai nazo kabisa kwa sababu zinaonekana nyepesi mno. Kuimba ni mojawapo. Vijana ninaowasaidia kujiandaa, wengi wao manesi wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza, hukesha wakisoma mambo ya tabianchi na akili mnemba. Halafu nikiwauliza "Do you like singing?", jibu ni "Yes, I like singing very much because it makes me happy", kisha kimya. Inaniuma, maana watu haohao kila Jumapili wanaimba sauti ya tatu bila kutazama karatasi, au wamekulia madrasa wakiongoza kaswida siku ya Maulidi. Wana mengi ya kusema kuliko mada nyingine yoyote, ila hawaamini kwamba mambo ya nyumbani yanafaa kusemwa mbele ya mtahini.

Yanafaa, tena sana. Mtahini anapima vitu vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Hakuna alama ya kuwa na sauti nzuri, hakuna alama ya kulijua jina la mwanamuziki wa Ulaya, wala hakuna alama ya kuwa na maoni "sahihi". Nesi anayehitaji alama 7 kati ya 9 kwenye kuzungumza ataipata kwa namna anavyokieleza kitu, na kitu rahisi kueleza ni kile ulichokiishi.

Mimi maswali ya kuimba yalinikuta katika sehemu ya kwanza, ile ya dakika 4 hadi 5 ambapo unaulizwa mambo ya kawaida ya maisha. Mtahini aliyasoma kwa sauti tulivu kutoka kwenye karatasi yake, kinasa sauti kikiwa mezani kati yetu. Aliuliza kama napenda kuimba, kama niliimba nikiwa mtoto, na kama nimewahi kufundishwa. Nilimweleza kuhusu kwaya ya parokia. Nilimwambia kwamba mazoezi yalikuwa jioni, kwamba nyimbo tulizisoma kwa solfa kutoka kwenye fotokopi zilizofifia hadi "fa" na "la" zinachanganyika, na kwamba kabla ya kuanza mwalimu alimpa kila mmoja sauti yake ya kuanzia kwa mdomo, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akigonga meza kwa kalamu kuhesabu mapigo. Kiingereza cha maelezo hayo hakikuwa kigumu: "Our teacher would hum the first note for each group and tap the desk with a pen." Sentensi kama hiyo ina kitenzi kinachoonyesha desturi ya zamani, ina msamiati wa muziki, na haisikiki kama imekaririwa. Ndiyo maana nasisitiza kwaya, madrasa, ngoma za arusini na mchakamchaka wa shuleni. Ukivisimulia, maneno yanakuja na picha zake.

Ukikariri jibu la mtu mwingine, mtahini atakushtukia. Amefundishwa kulitambua jibu la kukariri, na ukweli ni kwamba hata asiye mtahini husikia sauti inavyobadilika mtu anapoanza kughani. Katika sehemu hii ya kwanza jibu lako liwe la sentensi 2 au 3, basi. Akikukatisha usifadhaike, saa yake ndiyo inayomwongoza, na kukatishwa hakukupunguzii kitu. Usipolisikia swali, omba alirudie.

Na kama huimbi? Sema hivyo na ueleze. "Not really. I was the one who clapped while my sisters sang" ni jibu zuri kuliko kudanganya kwamba unapenda kuimba kisha ukakosa la kuongeza swali linalofuata. Ila usianze kumwimbia mtahini. Maneno ya wimbo ni ya mtunzi, na mtahini anataka kusikia sentensi ulizozitunga wewe hapo kitini.

Sasa tuje kwenye makosa yanayotupata sisi hasa tunaoongea Kiswahili. La kwanza ni "nilikuwa naimba". Kwetu kauli hiyo inabeba desturi ya zamani bila shida, hivyo mtu anasema "When I was in primary school I was singing every morning." Kwa desturi iliyopita Kiingereza kinataka "used to" au "would". Chukua mchakamchaka: "We used to run around the school early in the morning. One pupil would start a song and the rest of us would answer." Zoea umbo hilo moja tu na nusu ya maswali ya utotoni utayamaliza.

La pili ni "he" na "she". Kiswahili hakitofautishi, kwa hiyo bibi anageuka "he" katikati ya hadithi nzuri kabisa. Nimelisikia hata kwa watu waliosoma Kiingereza tangu chekechea. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusimulia kuhusu mwanamke mmoja kwa dakika nzima, kila siku, mwenzako akigonga meza kila unapoteleza.

La tatu ni matamshi, na hapa tuna bahati. Mwisho wa "sing" ni ile sauti ya ng'ombe, si ya ngoma. Ndivyo ilivyo pia kwenye "singer" na "singing", na irabu haiongezwi mwishoni ikawa "singi". "Choir" usiisome kama ilivyoandikwa, inatamkwa karibu sawa na kwaya yetu. "Sang" na "sung" ndizo zinazosumbua, kwa sababu masikio yetu huzisikia kuwa kitu kimoja. "Sung" iko karibu na "a" yetu ikitamkwa kifupi, na "sang" inaelekea kwenye "e", mdomo ukiwa wazi zaidi. Lafudhi yako ya Tanga au Mombasa haikuangushi, mradi maneno yaeleweke.

Ikija kadi ya mada, yaani sehemu ya pili, unapewa dakika 1 ya kujiandaa, karatasi na penseli, kisha unazungumza dakika 1 hadi 2. Unaweza kutakiwa kueleza wimbo unaoukumbuka tangu utotoni, au mwimbaji unayempenda. Usiandike sentensi, dakika haitoshi. Andika majina ya vitu: mahali, mtu, sauti, tukio moja. Tukio ndilo litakalokuvusha hadi dakika ya pili, kwa sababu hadithi ina mwanzo na mwisho wake, ilhali sifa huisha haraka. Ukimchagua Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, usitaje tu kwamba alikuwa maarufu. Eleza ngoma alivyoipiga na sauti yake ilivyokwaruza, mtahini ambaye hajawahi kumsikia amsikie.

Sehemu ya tatu hudai fikra pana zaidi, na ndipo nyimbo za nyumbani zinapolipa. Utaulizwa kama kuimba huleta furaha, kama muziki ufundishwe shuleni, kama teknolojia imebadilisha namna watu wanavyoimba. Swali la furaha wengi hulijibu kwa "yes". Binti mmoja niliyemsaidia alijibu kwa kutaja misiba ya kwao: "People sing through the whole night. They are not happy, but they are together." Nilimwambia asibadilishe hata neno. Amekubali kwa sehemu, amepinga kwa sehemu, na ametoa mfano, mambo ambayo wengine huyatafuta kwa misamiati mizito.

Kwenye teknolojia, mfano wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani, unatosha peke yake. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Kutoka hapo unaweza kusema kwamba kabla ya kurekodi ilibidi uwepo ukumbini ndipo umsikie mwimbaji, na leo simu ya mkononi inamfikisha popote, kisha ukajadili kilichopatikana na kilichopotea. Jifunze mapema maneno machache ya kubebea hoja hiyo: "live audience", "recording", "pass down", "traditional songs". Hayo yanatumika kwenye swali karibu lolote la muziki.

Kwa mazoezi, tumia simu yako. Jirekodi ukijibu maswali ya kuimba ukiwa peke yako chumbani, sikiliza mara moja kwa ajili ya "he" na "she" tu, kisha sikiliza tena kwa ajili ya "used to" na "would". Ukisikiliza yote kwa pamoja hutarekebisha hata moja. Wiki inayofuata jibu maswali yaleyale kwa kumbukumbu nyingine, si kwa maneno ya juzi.