Hobi ukiwa mhadhiri: jibu langu, samahani ni refu

Umeuliza kama mtu anayesoma PhD huku akifundisha anapoteza muda kuwa na hobi. Umesema pia marafiki zako wote ni wa idara moja, na gita lako lina miaka minne chini ya kitanda. Nimefundisha chuo miaka 15, ngoja nikueleze yaliyonikuta.

Mimi ni mcheza drafti. Mbovu. Nilianza baada ya kugundua kwamba hata nikienda harusini naishia kwenye meza ya wahadhiri, tunaongelea nani kapandishwa cheo na nani kabaniwa. Mzee ninayecheza naye ni fundi magari mstaafu. Miezi minane hakujua nafanya kazi gani, wala hakuuliza. Siku ya kwanza alinila kete tatu kwa mkupuo, akazipanga pembeni ya ubao taratibu kama mtu anayehesabu chenji, kisha akasema: "Kijana, una haraka." Nina miaka 47!

Halafu nikaiharibu mwenyewe. Huu ndio ugonjwa wetu wasomi. Nikafungua jedwali kwenye kompyuta, kila mchezo nauandika, nakokotoa asilimia za ushindi. Haikupita mwezi, nikawa naenda kucheza kama naenda kikaoni. Mzee akanitazama, akasema, "Siku hizi unacheza kama unasahihisha mitihani." Ikabidi nimwambie kazi yangu. Alicheka mpaka akapiga ubao, kete zikatawanyika (nilikuwa nashinda, kwa mara ya kwanza wiki hiyo). Jedwali nililifuta usiku uleule.

Kuna aliyechangia hapo juu kwamba wasomi wakubwa hawana muda wa mambo hayo. Si kweli. Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, alikimbia marathoni mwaka 1947 kwa saa 2 na dakika 46, muda wa mwanariadha hasa. Ila anayenigusa zaidi ni Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel. Alishavuka miaka 40 alipokubaliana na rafiki yake msanii, Jirayr Zorthian, wafundishane: Jumapili moja fizikia, inayofuata kuchora. Profesa mzima akakubali kuwa mwanafunzi, na michoro yake akawa anaisaini kwa jina la bandia, Ofey. Nadhani jina lile lilimpa ruhusa ya kukosea bila mtu kusema "huyu si ndiye yule bingwa wa fizikia?"

Hilo la marafiki ndilo zito. Mwaka jana makala yangu ilirudishwa na wahakiki wa jarida, wale wasomi wanaopima kazi yako bila kutajwa majina, ikiwa imejaa maswali, nikapotea wiki tatu. Wenzangu idarani walinitumia ujumbe, wote wakiuliza alama za wanafunzi zitatoka lini. Siwalaumu, mimi mwenyewe huwatumia hivyohivyo. Mzee alipiga simu. "Unaumwa, au umeniogopa?" Nikamweleza habari ya wahakiki. Akauliza, "Hao watu wanakujua?" Nikasema hapana, hata majina yao siyajui. Akanyamaza kidogo, akasema kesho saa kumi na moja kete zitakuwa zimepangwa.

Muda? Mimi ni Jumatano jioni, imeandikwa kwenye ratiba kama kipindi, na mwanafunzi akiomba kuniona saa hiyo namwambia nina kipindi. Simuongopei sana.

Na hilo gita, kabla hujaanza kulipiga badilisha nyuzi. Miaka minne zitakuwa zimeshika kutu, zitakukata vidole bure na utasingizia PhD.