Stelingi hafi?

Mwanangu, salaam. Ujumbe wako nimeuona, ule wa kuuliza kati ya waigizaji wa picha za Kihindi, Dilip Kumar kwenye Ganga Jumna na Amitabh Bachchan kwenye Deewaar, nani kacheza zaidi, ati mnabishana huko kazini na umewaambia wasubiri umuulize mama. Haya, mama ndiye huyu. Ila la nani kacheza zaidi mimi silijui, naweza kukwambia nani kafa vizuri, maana wote wawili wanakufa, tena kila mmoja anapigwa risasi na ndugu yake wa tumbo moja aliyekuwa polisi, na sisi tumekua tukiambiwa stelingi hafi.

Ganga Jumna ni ya 1961, Deewaar ya 1975, na ukizitazama moja baada ya nyingine unaona wazi kwamba hii ya pili imezaliwa kwenye ile ya kwanza. Dilip ni mtu wa shamba, anaongea Kihindi cha vijijini, anacheza ngoma, anacheka, anasingiziwa wizi na bwana mwenye mashamba mpaka anaishia msituni na majambazi, na huku ndiye aliyemsomesha mdogo wake. Na huyo mdogo wake kwenye picha, Nasir Khan, alikuwa mdogo wake kwelikweli. Sasa Amitabh haimbi hata wimbo mmoja. Stelingi wa Kihindi haimbi! Babu yako alipoambiwa hivyo alisema hiyo si picha, lakini alipoona makuli wa bandarini wakikatwa mshahara wao na wahuni akanyamaza, maana na yeye kabeba katani kwenye matishari miaka yote ile unayoijua. Pale Amitabh anapojifungia ghalani na watu wa Peter, kiongozi wa wahuni hao, anamrushia Peter ufunguo amwambie weka mfukoni, nitautoa mwenyewe humo nikimaliza, babu yako alipiga kiti teke mpaka wa mbele akageuka.

Mimi siku zote nasema, mwigizaji mtazame akinyamaza. Kusema kila mtu anasema.

Sasa nikwambie kitu ambacho mjomba wako hapendi nikiseme. Deewaar mimi nilienda mchana, usiku wasichana hatukuruhusiwa, na tulishafika pale ndugu wawili wanakutana chini ya daraja, Amitabh anajisifu ana magari, ana majumba, ana pesa, wewe una nini, na Shashi Kapoor anamjibu mimi nina mama, ukumbi mzima tunalia, mara umeme huo ukakatika. Tukakaa gizani, watu wanapiga miluzi, wanapiga viti, umeme haurudi, na tiketi haikurudishwa. Nilirudi nyumbani nalia kama nimefiwa. Mjomba wako akaenda kesho yake usiku, akarudi akatusimulia uani: Shashi kapiga risasi, risasi ikagonga ile bilauri... sio bilauri, ile beji yake ya shaba ya kikuli, namba 786, Amitabh akaanguka, akainuka, akaenda kwa mama yake. Stelingi hafi, akasema. Na mimi nikaamini vipi nisiamini, kwani si niliona mwenyewe huko katikati beji hiyohiyo ikimkinga na risasi? Mtaa mzima nikawasimulia, na manjonjo nikaongeza, mpaka siku moja wasichana wa nyumba ya pili wakanicheka mbele za watu, we mtoto vipi, kafa yule, kafia mapajani kwa mama yake hekaluni.

Nilimfuata mjomba wako kwa hasira, akaniambia kwa sauti ya chini, uongo ule haukuwa kwa ajili yako. Mwaka ule ndio mjomba wako mdogo alikuwa amezamia meli na barua hakuna. Basi nikaelewa. Lakini mpaka leo inaniuma, sijui ni nini hasa kinachoniuma, kudanganywa siyo, labda ni kwamba bibi yako naye alikuwa anajua. Alikuwa anajua! Jirani walishamwambia mapema. Na kila nilipokuwa nasimulia ule mwisho wa uongo uani, yeye yuko na ungo wake anachagua chuya, hainui kichwa, ananiambia endelea mwanangu, halafu ikawaje.

Ndiyo maana nasema mtazame mtu akinyamaza.

Kwa hiyo ukiniuliza kifo, kile cha Amitabh nilikuja kukiona baadaye sana kwenye deki ya baba yako, na nilikuwa nimekisubiri mno, huenda ndiyo maana nakiona kikubwa. Hapo kabla, pale anapoingia hekaluni kugombana na Mungu kwa sababu mama yake mgonjwa, anaanza taratibu kama mtu anayemsalimia adui yake, halafu sauti inapanda, wengi watakwambia hapo ndipo Amitabh alipokuwa Amitabh. Sikatai. Lakini yale ni maneno, na maneno mazuri waliyaandika Salim na Javed. Dilip mtazame Dhanno, mke wake kwenye picha, akipigwa risasi, hana hotuba pale, uso tu. Lakini tena, mbona Amitabh naye, akiwa anakimbia na jeraha, beji inamtoka mfukoni, vile vidole vinavyoitafuta havisemi chochote! Unaona sasa unavyonitia matatani. Na Dilip ndiye mwalimu, bila Ganga wake hakuna Vijay wa Amitabh, hilo wenzako wa kazini wakubali kwanza ndiyo wabishane.

Nina jibu, usifikiri sina. Nikilisema baba yako atanuna wiki nzima, kwa hiyo nalimeza, ingawa ulimi unawasha. Wewe tafuta Shakti ya 1982, humo wamo wote wawili, Dilip ni baba polisi na Amitabh ni mtoto wake, wakae waone wenyewe. Tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora alipewa Dilip na baba yako mpaka leo hajakubali. Usimpigie kumuuliza kabla hujawa na muda, saa nzima itakwisha na salio ni lako.