Wewe ni wa Kwa Nani? Kuuza Kitabu Kwenye Michezo ya Waskoti

Waandishi wenzangu wa Afrika Mashariki walioko Marekani na Kanada huniuliza niliwezaje kuuza kitabu kwa Waskoti. Kitabu changu, nilichokiandika kwa Kiingereza, kinawahusu Chuma na Susi na wenzao waliobeba mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873, nao wakafika pwani Februari 1874. Nawajibu wote hapa kwa pamoja, hasa wewe unayejiandaa kulipia banda lako la kwanza.

Ukienda ugeni kijijini kwetu, hata kabla hujapewa maji utaulizwa: wewe ni wa kwa nani? Kwenye michezo ya Waskoti, yaani mikutano ya kila mwaka ya watu wenye asili ya Uskoti, swali ni hilo hilo. Watu hawaji pale kutafuta vitabu. Wanakuja kwa sababu babu wa babu yao alivuka bahari, na jina lake ndilo urithi pekee waliobaki nao. Wamepanga mahema ya koo kuuzunguka uwanja, kila hema na bendera yake, ramani yake na daftari la wageni. Anayeitwa MacLeod anakwenda kwa kina MacLeod, anakaribishwa, anakaa. Mwandishi asiyeelewa jambo hilo atakaa nyuma ya meza yake siku nzima akitazama migongo ya watu.

Mimi nilitazama migongo kwa siku mbili. Mkutano wangu wa kwanza nilipeleka nakala 80 nikauza 11. Kila aliyepita nilimwambia hii ni riwaya ya kihistoria kuhusu Afrika, naye alitabasamu kwa adabu akaendelea na safari yake. Jumapili mchana mzee mmoja alisimama, akasoma jalada, akaniuliza kama humo ndani mna mtu wa jina lake. Jina lenyewe lilikuwa Young. Nikamweleza juu ya James Young, mwanakemia aliyetajirika kwa mafuta ya taa, aliyekuwa rafiki wa Livingstone tangu ujana. Ndiye aliyegharimia safari ya Chuma na Susi kwenda Uingereza, na wakiwa kwake Kelly, karibu na Wemyss Bay kule Uskoti, walimjengea kibanda kama kile alichofia rafiki yake. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akanunua nakala tatu, kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye hema la jamaa zake niwasimulie upya.

Usiku ule nilikaa na kitabu changu mwenyewe nikaorodhesha kila jina la Kiskoti lililomo. Livingstone, ambao wale wa Nyanda za Juu za Uskoti wanahesabiwa katika ukoo wa MacLea wenye kitovu chake kisiwa cha Lismore. Moffat, ukoo wa mke wake Mary. Kirk, yaani Dkt. John Kirk wa Barry kule Angus, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mackinnon, mwenye meli kutoka Campbeltown, aliyeongoza Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Thomson, yaani Joseph Thomson, yule mpelelezi kijana wa Penpont ambaye swala tomi wetu amepewa jina lake, na ambaye mwaka 1879 msafara wake uliongozwa na Chuma huyo huyo. Nilichapisha orodha ile kwa herufi kubwa, nikaibandika mbele ya meza kwenye mkutano uliofuata. Watu walikuja kusoma orodha kabla ya kuangalia kitabu. Ukifanya jambo moja tu katika yote nitakayosema, fanya hilo.

Majina hayo yana masharti yake. MacDonald, Macdonald na McDonald si kitu kimoja kwa mwenye jina. Mtu akikuomba saini, mpe kipande cha karatasi aandike mwenyewe, ndipo unakili kitabuni. Nimeharibu nakala kwa kudhani nasikia vizuri, na ukurasa wenye jina lililokatwa hauuziki tena.

Sasa kuhusu mahali. Si kila mkutano unakufaa. Ule wa Grandfather Mountain, North Carolina, ulianza 1956 na hufanyika Julai kwenye uwanja wa MacRae Meadows. Alhamisi jioni wawakilishi wa koo huingia na mienge, kila mmoja akitangaza kwamba jamaa zake wamefika. Nenda ukaone hata kama huna banda, kwa kuwa dakika zile zitakufundisha kuhusu wasomaji wako kuliko mwaka mzima wa kusoma. New Hampshire wana wao Septemba, kwenye mlima wa Loon. Georgia wana wa Stone Mountain, mwezi Oktoba. California kuna ule wa Pleasanton, wa klabu iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1866. Kanada kuna Maxville, Ontario, tangu 1948. Hii ni mikutano mikubwa. Kwa kitabu cha kwanza mimi ningekushauri uanze na mdogo wa siku moja ulio karibu na kwako, ambako utalala nyumbani na ada ya banda haitakuumiza.

Fanya hesabu kabla hujatuma fomu. Chukulia ada ni dola 300, na kila nakala inakuachia dola 8 baada ya gharama za uchapaji. Utahitaji kuuza 38 ndipo urudishe ada peke yake, hujaweka petroli, chakula wala malazi. Ndiyo maana waandishi wengi wanachangia banda, wawili au watatu, na huo ni mpango mzuri iwapo vitabu vyenu havigombei msomaji mmoja. Kuna kodi ya mauzo pia, ambayo inatofautiana jimbo kwa jimbo. New Hampshire hawaitozi kabisa, kwingine utatakiwa kuwa na kibali cha muda. Soma masharti ya waandaaji kuhusu bima. Na usidhani kwamba ukikaribishwa ndani ya hema la ukoo umeruhusiwa kuuza humo. Kwenye mikutano mingi mahema ya koo ni ya kukutana na kuelezana historia, biashara ina safu yake. Uliza kwanza. Mimi nikialikwa hemani nasimulia tu, anayetaka kitabu namwelekeza mezani kwangu.

Bei iwe namba nzima, kodi ikiwa ndani, usije ukahangaika na chenji. Mashine ya kadi iwe ya kuweza kuhifadhi malipo bila mtandao, maana milimani simu hukosa mawimbi. Vitabu vibebe kwenye makasha ya plastiki yenye mfuniko. Maboksi ya karatasi yaliniponza: mvua ya mlimani ilishuka bila kuaga, maji yakapita chini ya turubai, nakala 19 zikavimba. Turubai nalo lifunge kwa mizigo mizito kila mguu, kwa kuwa upepo ukilinyanyua litawaangukia watu.

Halafu kuna sauti. Bendi za zumari na ngoma zikiungana uwanjani, hakuna mazungumzo yanayowezekana, na usijaribu kushindana nazo. Pata ratiba mapema, uweke alama saa za bendi na saa za kurusha gogo. Gogo ni pambano la kutazamwa: mwamuzi haangalii limefika mbali kiasi gani, anaangalia kama limepinduka na kuanguka limenyooka mbele ya mrushaji. Wakati huo uwanja mzima unaangalia upande mmoja. Nenda ukaangalie nawe. Mtu aliyesimama karibu yako wakati gogo linaanguka ataongea nawe kwa urahisi kuliko aliyeitwa mezani. Kwangu mauzo mazuri huja asubuhi ya siku ya kwanza, na tena Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wametulia na wanatafuta cha kurudi nacho nyumbani.

Historia yao inauma bado, nalo ni jambo la kuheshimu. Culloden, uwanja wa vita ambako koo nyingi zilishindwa na jeshi la serikali tarehe 16 Aprili 1746, ni kaburi la watu wao, na baada yake sheria ilikataza mavazi ya Nyanda za Juu hadi 1782. Mauaji ya Glencoe ya Februari 1692, askari walioongozwa na Campbell walipowaua kina MacDonald, yanazihusu koo hizo mbili, na utasikia wenyewe wakitaniana juu yake. Huo ni utani wa watani, kama ule wa makabila yetu, mgeni hauingii. Kilti, lile vazi lao la mikunjo la wanaume, usiite sketi. Usiguse vazi la mtu kutaka kujua limeshonwaje, muulize tu, atakueleza mpaka uchoke.

Nami huvaa khanga. Mwaka wa kwanza nilinunua skafu ya tartani, kitambaa cha miraba ambacho kila ukoo una chake, nikidhani itanisaidia, nikajikuta kila mtu ananiuliza ni ya ukoo gani na sina jibu. Sasa najifunga khanga yangu yenye jina "Wema hauozi", na watu wananiuliza maneno yale yana maana gani. Nawaeleza kwamba kwetu pwani nguo inasema, kisha nawaonyesha beji walizovaa wao, maana kila ukoo una usemi wake ulioandikwa kwenye beji. Kina MacLeod wanaambizana washike imara. Hapo tunakuwa tumefika mbali bila kutaja kitabu hata mara moja.

Kuna swali gumu utakalokutana nalo iwapo kitabu chako kinasimulia upande wetu. Wapo wanaompenda Livingstone kama shujaa wao na wanaogopa kwamba umekuja kumshusha. Sikubali kumpunguza, wala sikubali kuwaficha waliombeba. Nimejifunza kuanza na safari yenyewe: watu kadhaa wa kadhaa, miezi tisa, mwili uliokaushwa juani na kufungwa kama mzigo wa kawaida ili usizuiwe njiani, moyo ukiwa umezikwa kule kule Chitambo. Nawaambia Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliombeba, alikuwepo Westminster Abbey, kanisa la London alikozikwa Livingstone, tarehe 18 Aprili 1874, lakini Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Wakishasikia hayo, wengi wao ndio wanaouliza kwa nini shuleni hawakufundishwa majina hayo. Watu wanaotembea na majina ya wafu wao kifuani wanaelewa upesi uchungu wa jina lililosahauliwa. Usiwadharau kwa kudhani hawatajali.

Daftari ni la lazima. Kila anayekubali kuandikiwa, chukua jina, ukoo na anwani ya barua pepe, na andika pembeni mlichozungumza. Jumuiya za koo zina majarida yao na wahariri wake wanatafuta makala mwaka mzima. Usiwapelekee tangazo. Waandikie kisa kimoja kinachomhusu mtu wa ukoo wao, maneno 800 hivi, jina la kitabu likae mwishoni kwenye mstari mmoja. Kuna pia siku za kwao nje ya msimu wa michezo: Mtakatifu Andrea tarehe 30 Novemba, usiku wa mshairi wao Robert Burns tarehe 25 Januari, Siku ya Tartani tarehe 6 Aprili. Chakula kinaandaliwa, mashairi yanasomwa, na msemaji wa dakika 20 huwa anahitajika.

Mwaka wa pili nilimwandikia mhariri wa jarida moja la ukoo kisa cha kile kibanda cha Kelly. Niliombwa kuzungumza kwenye chakula cha Januari kilichoandaliwa na watu wasiozidi 40, ukumbini mwa kanisa, theluji nje. Nilimaliza, mama mmoja akaomba niyatamke majina ya wabebaji polepole, wayarudie. Nikaanza na Abdullah Susi, nikafuata na James Chuma, wakayarudia pamoja. Nakala 31 ziliondoka usiku ule.